Mama Alipomtunza Bi Nora

Harufu ya nyama ya nguruwe ikikaangwa ilipanda ngazi za nyumba yetu ya Kilburn kila asubuhi, ikapenya chini ya mlango na kuganda kwenye mapazia. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni, na harufu ile ilinitoa mbio kwenda shule kabla ya kumaliza chai. Mama, aliyekuja London kutoka Unguja akiwa msichana, alifukiza udi mpaka nyumba nzima ikanuka vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Mwenye kikaango alikuwa Bi Nora, ajuza wa Kiairishi aliyekaa chumba cha chini. Msimu ule wa baridi Mama alipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na hakuwa na wa kuniachia ila yeye. Nilishuka nimebana pua. Lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki: Bi Nora alininunulia sufuria yangu peke yangu, akaitundika mbali na kikaango chake, na humo hakikupikwa kitu ila mayai na viazi vyangu.

Alimenya viazi huku akiimba. Nyimbo zake zilikuwa za mitaani, za karne ya kumi na tisa, alizorithi kwa bibi yake. Bibi huyo alisimama sokoni kwao Ayalandi mvua ikimnyeshea, akiimba habari za wapenzi waliotengana, wakulima waliofukuzwa mashambani na vijana waliofungwa kwa siasa, kisha akiuza karatasi za nyimbo hizo kwa senti. Mimi niliupenda mmoja, wa msichana ambaye mchumba wake alitiwa pingu na kupakiwa melini kwa kuipinga serikali ya Waingereza. Bi Nora aliuimba amefumba macho, na maneno ya mwisho ya msichana yule hakuyaimba, aliyasema tu, kama mtu anayejibu swali jikoni: "Mlango sijaufunga." Ndivyo walivyomaliza nyimbo kwao. Siku moja Mama alikuja kunichukua akaukuta wimbo katikati, akakaa kitini bila kuvua koti. Kaka yake Mama alichukuliwa na askari kule Unguja, na hakurudi. "Huyu anaimba taarabu," aliniambia tukipanda ngazi, macho mekundu, "hajijui tu."

Baridi ilipopungua, Waairishi wa mtaa ule walimwalika Bi Nora aimbe ukumbini kwao, mara ya kwanza katika miaka yote aliyokaa hapo. Alitaka jambo moja tu, watu wake wamsikilize, na alitualika sisi twende naye. Mwenyekiti, bwana mmoja wa shingo nene na tai ya hariri, alizisifu nyimbo za kale kuwa hazina ya taifa. Bi Nora akaanza. Alipofika penye pingu, Mama alisimama. Kwetu mwimbaji akikugusa moyo hukai kitini, unakwenda kumtunza kwa pesa. Basi akaenda kwa madaha, mabega yakicheza, noti ameiinua juu, akamtilia Bi Nora kiganjani. Mwenyekiti akapanda jukwaani, akaishika noti ile kwa ncha za vidole viwili, akamrudishia Mama. "Huyu si ombaomba, bibie," alisema, kisha akafuta vidole vyake kwa leso. Nilishikwa na kichefuchefu ambacho nguruwe hakuwahi kunipa.

Bi Nora alifumbua macho. "Nipeni pesa yangu," alisema. "Bibi yangu aliuimba wimbo huu mvuani, na alilipwa. Wimbo mnautaka, aliyeubeba mnamwonea haya?" Mkataa kwao ni mtumwa, na watumwa wa ukumbi ule walitazama viatu vyao. Mama akamtunza tena. Bi Nora akaitia noti kifuani, akaendelea mpaka mwisho, akasema maneno yake. Makofi hayakuwapo, Mama peke yake alipiga vigelegele. Hawakumwalika tena mpaka akafa.

Ukumbi ule siku hizi ni mgahawa wa ghali. Binti yangu alinipeleka huko mwezi uliopita, akidhani atanifurahisha. Nguruwe bado yumo, ila sasa analetwa juu ya kibao kwa bei ambayo Bi Nora angeicheka. Nikaenda msalani. Ukutani wamebandika nakala za karatasi za nyimbo za kale kuwa mapambo, na ule wa mchumba wa pingu uko juu ya karatasi za chooni, umerushiwa maji machafu. Mwenyekiti yule, angalau, alifuta vidole tu.

Niliporudi mezani, kijana mwenye gitaa alikuwa akiuimba wimbo huohuo, na watu wanatafuna na kupiga kelele kana kwamba hayupo. Nikasimama, noti juu, mabega yakicheza kadiri ya umri wangu. "Mum, please, sit down, watu wanatuangalia," binti yangu alininong'oneza. Kijana hakuacha kuimba. Alinionyesha kwa kidevu kimashine cha kulipia kwa kadi kilichokuwa miguuni pake. Kisha akayavuta maneno ya mwisho kwa makelele, akalipiga gitaa kwa nguvu, na watu wakashangilia wimbo ambao hawakuusikiliza. Mimi nilikuwa bado nimesimama na noti yangu. Nikayasema mwenyewe, kwa sauti ya jikoni:

"Mlango sijaufunga."