Aliyemsadiki Tabibu Zahur

Tabibu Zahur alirithi duka la dawa kwa baba yake na ulimi kwa mama yake, na mjini kwetu Gojra ulimi ndio uliomfanya ajulikane. Duka lilikuwa karibu na kivuko cha reli, chumba chembamba chenye mitungi ya mizizi, maganda na mbegu kutoka sakafuni hadi darini. Nje kulikuwa na benchi refu la mbao. Wagonjwa waliingia ndani, sisi wapenzi wa hoki tukakaa nje, na wagonjwa wengi wakishapata dawa yao walisahau kurudi makwao.

Mimi nauza vitambaa jirani na pale, kwa hiyo mengi niliyasikia kwa masikio yangu.

Tulianza na hoki kila siku. Mji wetu umetoa wachezaji wa taifa mpaka kila mtaa una wake, na mtaa usio na wake huwa unadai umedhulumiwa. Kutoka hoki tuliingia siasa, maana ukitaka kujua kwa nini timu inafungwa lazima umtaje mkubwa fulani. Na tukishamaliza kuitukana serikali, mtu mmoja alilalamika kwamba presha imempanda, basi Zahur akaanza kutaja dawa. Hakuna aliyedaiwa atimize maneno yake. Mwalimu Inayat, mstaafu wa hesabu, alikuwa akituapia kwamba serikali itaanguka kabla ya Idi. Idi zilipita, serikali ikabaki, na Mwalimu akaendelea kuapa. Ndivyo lilivyokuwa benchi letu. Mtu alisema lililomjia, tukacheka, jua likazama.

Shafqat ndiye aliyekuwa haongei sana. Ujana wake alikuwa winga wa kushoto, na nimewaona wazee waliofunga maduka saa ya biashara ili wamtazame akikimbia kando ya mstari na mpira umenata kwenye fimbo. Aliitwa kambi ya taifa mara moja. Hakuchaguliwa. Akarudi, akafungua duka la mbegu na mbolea, akamwoa Kaniz binti ya mpiga chapa, na hakuwahi kutusimulia ya kambini.

Yeye na Zahur walikuwa pamoja tangu utotoni. Zahur hakujua kucheza hata kidogo. Mpira ukimjia aliupiga teke kama punda. Lakini watoto walipogawana timu uwanjani, Shafqat akiwa nahodha alimchagua Zahur kabla ya wote. Wenzake wakimuuliza gunia lile la nini, alijibu, "Nikifunga goli, yeye ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Nyinyi mnanionea wivu."

Ukubwani Shafqat akapata kisukari. Vidonge vikashindwa, daktari wa hospitali akamwandikia insulini, na kwa miaka mingi alijidunga tumboni asubuhi na jioni. Hakulalamika. Ila nilimwona siku moja nyuma ya duka lake, shati kalipandisha, anaitazama sindano kama mtu anayemtazama mgeni asiyeondoka.

Kisha ukaja mwaka ule timu yetu ya taifa iliposhindwa kwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Ramadhani, joto la kuchemsha ubongo. Kesho yake alasiri tulikutana benchini vinywa vikavu na hasira zipo karibu.

"Ireland!" Mwalimu Inayat alisema, akilikunja gazeti taratibu kama anakunja sanda. "Tumefungwa na Ireland. Watu wa viazi!"

"Si wewe uliyesema tutashika nafasi ya tatu?" Zahur akamchoma.

"Tungeshika, kama wakubwa wa chama wasingekula hela ya kambi. Haohao uliowapigia kura."

"Kura yangu imemfunga nani? Mwalimu, acha siasa. Vijana wetu wanalelewa kwa soda na sindano. Zamani mchezaji alikunywa maziwa na lozi, akakimbia mchana kutwa. Leo akipiga chafya, hospitali."

"Enhe, tumefika kwenye mitungi," Mwalimu akacheka kwa dharau. "Basi nijibu hili, Tabibu. Kama unga wako unaponya, mbona Shafqat anajidunga kila siku ya Mungu? Rafiki yako wa chanda na pete! Kakaa chini ya mitungi yako maisha yake yote, na bado anamfuata daktari."

Benchi zima likamgeukia Shafqat. Daktari alikuwa amemkataza kufunga, lakini alikuwa amefunga.

"Mniache," akasema. "Timu nzima imefungwa. Leo katika nchi hii aliyefunga ni mimi peke yangu."

Tulicheka mpaka mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akauliza kuna nini. Lakini Zahur hakucheka. Mwalimu alikuwa amemgusa palipouma. Akasimama kizingitini, kidole juu.

"Sikilizeni nyote. Kokwa za zambarau, uwatu, mwarobaini, na kitu kimoja alichoninong'oneza baba akiwa anakata roho. Siku arobaini tu! Sukari itatoka yenyewe, tena itaomba radhi mlangoni. Sindano mtu akazitupe kwenye mfereji, na samaki nao wapone."

"Samaki wa Gojra hawana kisukari, wana njaa," mtu akadakia, na mazungumzo yakahamia kwa waziri wa maji.

Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Sijaongeza wala kupunguza. Jioni ile Shafqat aliondoka na kopo la unga kwapani, kama alivyokuwa akiondoka na dawa ya kikohozi au ya tumbo, na hakuna aliyefikiri lolote.

Baada ya Idi akaanza kupungua. Kitambi kikaisha, mashavu yakaingia ndani, mkanda ukatobolewa tundu jipya. Sisi tukafurahi. "Winga amerudi!" tulimpigia kelele akikatiza reli. Zahur alivimba kwa fahari. Mgonjwa akija na wasiwasi, alimshika mkono na kumtoa nje: "Mtazame yule. Miaka mingapi unampa?"

Siku moja Zahur alimuuliza mbele yetu, "Na sindano?"

"Zipo," Shafqat akasema, akakonyeza jicho.

Zahur akaridhika. Alikuwa tabibu, mtoto wa tabibu. Alimwona rafiki yake akimaliza birika zima la maji bila kupumua, na akimwacha mtu katikati ya sentensi ili akimbilie chooni. Dalili hizo alizijua kabla hajaota ndevu. Lakini macho yakipenda kitu huwa hayaoni kingine. Zaidi ya hayo ulikuwa msimu wa uchaguzi wa madiwani. Yeye na Mwalimu Inayat walikuwa pande mbili, na kila alasiri benchi liliwaka moto. Chama cha Zahur kiliposhinda kata yetu, aligawa halua kwa mtaa mzima. Shafqat alikula vipande viwili.

Desemba, ukungu ulipoanza kushuka, uliandaliwa mchezo wa wakongwe kwenye uwanja wa nyasi bandia za buluu. Shafqat akaazima viatu vya mpwa wake, vikambana kidogo, akasema si neno. Nilikuwepo. Kipindi cha pili aliupokea mpira karibu na mstari wa kati, akawapita watu wawili wenye matumbo, akakimbia. Jamani, alikimbia! Akaukata mpira hadi ndani ya duara la mbele ya goli na mwenzake akaumalizia. Zahur alirukaruka kando ya uwanja akipiga mayowe, kilemba kimeanguka, machozi yanamtoka. Shafqat alimnyooshea fimbo kutoka mbali.

Viatu vile vilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni, hakusikia maumivu. Alifunga kitambaa na kuvaa soksi, na baridi ile kila mtu alikuwa amevaa soksi.

Zilipita kama wiki mbili tukiambiwa ana mafua. Asubuhi moja Kaniz alimtuma jirani aje kumwita Tabibu mbio, nami nikafuatana naye. Tulimkuta Shafqat kitandani, chini ya blanketi mbili, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Chumba kilikuwa na harufu ambayo sitaielezea. Zahur aliufungua mguu mwenyewe. Weusi ulikuwa umevuka kidole, umepanda hadi juu ya unyayo.

Akakaa sakafuni.

"Shafqat. Sindano zako ziko wapi?"

"Nilizitupa."

"Wapi?"

"Mferejini. Si ulisema?"

Zahur alimtazama kana kwamba hajaisikia lugha ile. "Nilisema... Ewe mtu, nilikuwa nabishana na Inayat! Ni maneno ya benchi yale! Kila mtu pale anasema. Inayat kaiangusha serikali mara ngapi?"

"Inayat ni Inayat," Shafqat akajibu kwa sauti ndogo. "Wewe hujanidanganya hata siku moja. Nikasema nitimize siku arobaini kimya kimya, halafu nikapime, nikuletee karatasi umpige nayo Mwalimu usoni. Zikapita, nikaona nimepungua, nikasema niongeze kidogo. Nilitaka ushinde, Zahur. Ndiyo hivyo tu."

Kaniz alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Hilo lilikuwa jipya kwake pia, maana mumewe alikuwa akimwambia anajidungia dukani. Hakulia. Aliweka beseni chini na kwenda kutafuta gari.

Hospitali ya Faisalabad walimkata mguu juu ya goti. Alipozinduka aliuliza ni upi. Wakamwambia wa kushoto. Akageukia ukutani. Sumu ilikuwa tayari imeingia kwenye damu. Zahur hakutoka wodini. Alilala chini ya kitanda kwenye kipande cha turubai na kumlisha uji kwa kijiko. Mwuguzi alimdhania ni kaka yake, naye hakukanusha. Kabla Januari haijaisha, Shafqat alifariki mchana, saa ya sala ya adhuhuri, akiwa amemshika Zahur mkono.

Matangani, mikeka ilipotandikwa na watu wamejaa, Zahur alisimama. Ulimi wake ulikuwa mzito, kila neno lilitoka peke yake.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemuua. Nilimwambia atupe sindano. Nilisema kwa kujisifu."

Kaka mkubwa wa Shafqat akamvuta shati. "Kaa chini, Tabibu. Siku zake zilikuwa zimekwisha. Usijitwishe kazi ya Mwenyezi Mungu."

"Sikiliza, kaka—"

"Kaa, tumesikia. Umemuuguza kuliko sisi. Mungu akulipe."

Akakaa. Mwalimu Inayat, aliyekuwa pembeni yangu, alinong'ona, "Na mimi ndiye niliyemchokoza," kisha akainamisha kichwa na kuendelea kuhesabu tasbihi.

Nadhani angepigwa pale angepata nafuu. Hakuna aliyempiga. Hata mtu wa kumnunia hakupatikana mji mzima. Na lililomvunja kabisa ni kwamba wateja waliongezeka. Watu walikumbuka jinsi Shafqat alivyopungua, jinsi alivyokimbia siku ile ya Desemba. Walisema kilichomuua ni viatu vya kuazima, au madaktari na misumeno yao, lakini ule unga, wallahi, ule unga ulimrudishia ujana.

"Nenda hospitali," Zahur aliwaambia.

"Tabibu, nakuomba. Mama yangu anateseka."

"Nimesema siuzi. Mpeleke hospitali, adungwe."

Wakaondoka wakinung'unika kwamba anawawekea matajiri wa Lahore. Asubuhi moja nikamkuta amebeba mtungi wa kokwa za zambarau hadi ukingoni mwa barabara, anaumwaga kwenye tope kwa mikono miwili. Kabla ya kiangazi alifunga duka. Sasa panauzwa simu. Benchi tulilihamishia mbele ya duka langu, na Mwalimu Inayat bado anasoma gazeti kwa sauti, ila akifika kwenye habari za hoki husoma haraka.

Zahur hakuja tena kukaa nasi. Lakini mwaka uliofuata Kaniz naye alipimwa, akaonekana ana sukari, na mwanawe wa pekee yuko Dubai. Zahur alipata habari msikitini. Tangu hapo, siku ya kliniki ikifika, huita bajaji, akakaa mbele na dereva, Kaniz nyuma, wakaenda Faisalabad na kurudi bila kusemezana. Akifika hospitali anamshikia foleni, halafu anamngoja nje juani.

Na kila asubuhi, baada ya sala, husimama nje ya lango lake na kubisha mara moja.

"Shemeji, sindano?"

"Nimechoma," Kaniz hujibu kutoka ndani.

Hajawahi kumfungulia mlango, wala hajawahi kuacha kumjibu. Mke wangu alimuuliza Kaniz siku moja kama amemsamehe. Kaniz alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Huyo ndiye mtu pekee mjini hapa anayejua nimepoteza nini," akaendelea kuchambua.

Wiki iliyopita palikuwa na ukungu, nikapita pale nikielekea kufungua duka. Zahur alikuwa amebisha na jibu lilikuwa limechelewa. Alisimama ameweka paji la uso kwenye bati la lango, macho kayafumba. Ndani kikasikika kishindo cha ndoo, kisha sauti.

"Nimechoma. Nenda nyumbani, kuna baridi."

Akafuta uso kwa ncha ya shali, akaondoka kuelekea kwenye reli.