Leso Juu ya Kioo cha Gari

Aibu hii bado haijaniisha, kwa hiyo niiseme haraka kabla sijabadili mawazo: wakubwa wa jiji, askari wa trafiki na muuza chapati mmoja walinisikia nikimwambia mama mkwe wangu kwamba nampenda, na walinisikia kupitia spika kubwa iliyokodiwa kwa ajili ya sherehe. Ninyi mlio kwetu Bungoma mtacheka kidogo mwendelee na chai yenu, lakini mtu aliyeoa Buganda lazima aketi kwanza.

Huku mwanamume na mama wa mke wake hawagusani, hawali pamoja wala hawatazamani usoni, na hata salamu zinapita kwa mbali, yeye akiwa amepiga magoti nyuma ya mlango na mimi nikiwa nje natazama migomba. Ukiivunja miko hiyo wanasema utashikwa na ugonjwa wa kutetemeka. Sisi kwetu pia tunamwogopa mama mkwe, ila si kwa kiasi hiki. Tangu nimwoe Nalwoga, mgongo wa mama yake nilikuwa naujua kuliko uso wake, ingawa vitunguu vyote tulivyopikia nyumbani kwangu vilitoka kwake, na mtoto wetu alipougua surua ni yeye aliyekesha naye (mimi nikalala kwa jirani, tusikutane).

Sasa, kazi yangu ni kufunga vifaa vya taa za barabarani, na wakati huo kampuni yetu ndogo ilikuwa inajaribu kitu nilichokipenda kweli. Kisanduku kilicho ndani ya gari la wagonjwa kinapiga mwanga ambao jicho halioni, kitambuzi kilichofungwa juu ya nguzo kinauona kutoka mbali, basi taa za upande wako zinawaka kijani na wengine wote wanasimamishwa ili mgonjwa apite. Kisanduku cha kukaa juu ya paa kilikuwa hakijafika, kwa hiyo hicho cha majaribio nilikibandika kwa mikono yangu mwenyewe kwenye kioo cha mbele, nyuma kabisa ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma.

Siku ya kuwaonyesha wakubwa, hema lilipigwa kando ya taa za tatu, na mimi nilitakiwa kuja na gari kutoka Kawempe nikieleza kwa redio ya upepo kila ninachofanya, nao wasikilize kwenye spika. Kwa kuwa sina mikono mitatu, nilikifunga kitufe cha kuongelea kwa utepe kibaki kimebonyezwa. Uamuzi mdogo tu, na nilijiona mjanja, nikasahau kwamba redio ya namna ile ukiibonyeza unasikika lakini wewe humsikii mtu.

Nilikuwa nimeegesha nangoja muda ufike ndipo Nalwoga akanipigia. Mama amebanwa na pumu tangu asubuhi, dawa ya kuvuta imeisha, kwenye boda hawezi kukaa, na teksi aliyoiita imekwama kwenye foleni. Nyumba ya mama ilikuwa nyuma tu ya pale niliposimama, nikasema nakuja, maana gari la wagonjwa lipo, mgonjwa yupo na taa zinatungoja, kuna nini tena cha kufikiria?

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mabega yamepanda, kifua kinapiga mluzi. Aliponiona alijifunika uso kwa leso. Ameuza vitunguu Kalerwe miaka mingi na Wakenya na Wakongo, Kiswahili cha sokoni anacho, lakini aliongea na binti yake kana kwamba mimi sipo pale mlangoni.

"Nalwoga, mwambia yeye, mimi hapana panda gari moja na muko."

Muko ni mkwe, yaani mimi. Nalwoga alimbembeleza huku mimi nikiutazama ukuta, mwishowe akakubali akae nyuma kabisa na binti yake amkinge. Tulipokwisha kuketi akalalamika tena kwamba kile kioo kidogo kinamwangalia. Na kweli, nilikuwa namwona humo, midomo imeanza kupauka. Basi Nalwoga akaichukua leso ya mama, akanyoosha mikono, akakifunika kile kioo vizuri na kuikaza leso kwa fundo nyuma yake, na mimi nikamwambia asante (asante, jamani), nikaondoa gari.

Taa za kwanza zilikuwa nyekundu na zikabaki nyekundu. Nikazima kisanduku, nikawasha, nikakipigapiga, king'ora kinalia na madereva wa boda wananitazama wakishangaa gari la wagonjwa linalotii taa. Nikawaambia waheshimiwa kwenye redio kwamba kitambuzi cha hapa kina shida ndogo. Taa za pili vilevile, nikaitukana nguzo, nikaomba aliyeifunga ile kazi atafutwe ajieleze (aliyeifunga ni mimi). Katikati ya hayo nilikuwa nikimbishia Nalwoga kuhusu njia ya mkato na kumwomba mama avumilie, na yote hayo yalikuwa yanafika hemani bila kupungua hata neno.

Tulipofika taa za tatu foleni ilikuwa imetubana, hema liko kulia kwangu, na bosi wetu, mama mmoja mpole sana, alikuwa akinipungia mikono yote miwili, mara anagusa sikio, mara anaonyesha spika. Nikadhani ananipa moyo, nikampungia na mimi.

Ndipo nikagundua kwamba ule mluzi wa kifua siusikii tena. Nalwoga aliita "Maama" mara moja, akimtikisa bega. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaikamata leso nikaivuta mpaka fundo likaachia, nikatazama kiooni, na mama mkwe wangu alikuwa ananitazama, macho makubwa, yamechoka, yanafanana kabisa na ya mke wangu. Sikuwahi kujua.

"Maama, usituache," nikasema. "Mimi nakupenda, sijawahi kukwambia kwa sababu ya hii miko yenu. Kama ni kutetemeka nitatetemeka mimi."

Sauti yangu ikanirudia kutoka hemani, kubwa, yenye mwangwi. Nikageuza uso mbele kwa aibu, na taa zilikuwa kijani. Leso ndiyo iliyokuwa imekifunika kile kisanduku njia nzima, na mimi, fundi mkuu, sikuling'amua hilo. Askari alikuwa ananiashiria nipite. Nyuma yangu ikatoka sauti nyembamba, na kwa mara ya kwanza haikupitia kwa Nalwoga.

"Peleka gari, mwana wange."

Hospitalini sikungoja kitanda cha magurudumu, nilimbeba mwenyewe mikononi mbele ya watu wote, mwepesi, ananukia vitunguu, amefumba macho na kuyafunika kwa kiganja ili angalau upande wake uwe umetunza heshima. Alipona. Pale hemani nasikia walipiga makofi, ila mkubwa mmoja alitaka kujua kama ni lazima dereva alie kwanza ndipo taa zibadilike, na kazini hilo bado naulizwa.

Mimi sitafunga tena kitufe cha redio kwa utepe, hilo naapa. Mama naye amerudi nyuma ya mlango wake na mimi kwenye migomba, tunasalimiana kama zamani, na sijatetemeka bado.

Ila majuzi Nalwoga alitoka kwao na kifurushi. Mama yake amekata ile leso akashona kifuniko cha kile kioo kidogo cha gari la wagonjwa (kisanduku siku hizi kiko juu ya paa), chenye mpira pembeni, ili siku akipanda tena tusiivunje miko. Nikakivalisha, kikakaa vizuri kote isipokuwa kona moja ambayo ilibaki wazi, nikasema kitambaa kimepungua.

"Hakikupungua," Nalwoga akasema. "Ameacha hapo makusudi. Anasema ni ya wewe kuangalia kama bado anapumua."