Kijana Wangu Amechoma Kifaa Changu cha Kufundishia

Admin, nifiche jina. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya kijana wangu, ambaye kwa sasa sitaki hata kumwona.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, natoka Makueni. Miaka ya tisini niliuza mwili katika mji mmoja wa Mombasa Road, pale malori yanapolala. Nimesema, na sirudi nyuma. Ukimwi ulipoanza kutumaliza, watu wa afya walichagua wachache wetu wakatufunza, ili nasi tuwafunze wenzetu. Daktari akiongea, wasichana walicheka. Nikiongea mimi walisikiza, kwa sababu nilijua mteja akikataa mpira anasema nini, na unamjibu nini. Kaka yangu, mchonga vinyago, alinichongea uume wa mbao wa kuonyeshea jinsi mpira unavyovaliwa. Nilizunguka na mchongo huo kwenye kikapu, baa kwa baa, mpaka mji mzima ukaniita Mwalimu. Niliowafunza, wengi ni nyanya za watu leo. Waliokataa kusikia niliwazika. Mimi mwenyewe kazi hiyo ndiyo iliniweka hai, nikamsomesha huyu kijana.

Sasa anaoa. Jumamosi tunapeleka mbuzi za ntheo, zile za kufungia uchumba, kwa kina msichana, huko Mbooni, watu wa kanisa kabisa. Kumbe amewaambia mama yake ni mwalimu mstaafu! Mama ya msichana akanipigia: "Mwalimu, tumefurahi, mtoto wetu anaingia kwa nyumba ya masomo. Ulikuwa unafundisha shule gani?" Nikajifanya mtandao umepotea.

Kijana nilipomuuliza, hakuona haya hata kidogo. "Mwaitu, si watu walikuwa wanakuita mwalimu? Sijadanganya mtu. Taja tu primary yoyote ya huko Tseikuru, nani ataenda kuangalia?" Halafu akachukua kikapu changu, akatoa ule mchongo, akausukuma motoni chini ya sufuria ya muthokoi. "Wageni wakiona hii kitu, harusi hakuna." Kazi ya mikono ya marehemu kaka yangu ikageuka kuni mbele ya macho yangu!

Sijala chakula chake tangu siku hiyo. Msichana mwenyewe ni mzuri, hana kosa. Nikisema ukweli, mbuzi zitarudi nasi nyumbani. Nikitaja shule ya uongo, nitakuwa nimekubali kwamba kazi yangu ilistahili moto.

Nishaurini, wazazi wenzangu. Jumamosi yule mama ataniuliza tena, uso kwa uso, na hapo hakuna mtandao wa kupotea.