Wakiuru na upande wa moto wa mashine ya soda

Saa mbili na nusu asubuhi, Ruring'u bado imejifunika ukungu, na Wakiuru Gatimu amepiga magoti karakanani mwake mbele ya mashine nyekundu inayompita kwa urefu. Mkono mmoja umeshika ubao, wa pili unapapasa ndani kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku. Anautia ubao, unagoma. Anautoa, anaupiga msasa kidogo, anautia tena.

"Bado kidogo tu," anasema bila kuinua kichwa.

Ubao huo ni wa pili. Wa kwanza, uliokuja na mashine, aliupasua mwenyewe akachemshia chai, na sasa anaujutia kuliko kitu chochote alichowahi kutupa katika karakana hii.

Kesho Ijumaa, saa tano, mashine inatakiwa kuwa dukani kwa Rasila, mjane wa marehemu Tulsidas, katikati ya mji wa Nyeri. Mama huyo akiikubali, itabaki pale iliposimama tangu miaka ya sitini. Akiikataa, kuna hoteli moja ya Nairobi inayoingoja kwa hamu. Huko itang'olewa mota, itolewe matumbo yote, igeuzwe kabati la kupangia glasi.

"Afadhali hata iende kwa watu wa skrapu," anasema Wakiuru. "Mashine ya soda haina soda, hiyo sasa ni nini?"

Wakiuru ana miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza ndani ya friji za watu. Alianza kama mfagiaji katika kiwanda kimoja cha maziwa, akawa anachelewa kumaliza chumba cha mitambo kwa sababu ya kuwatazama mafundi. Alipofungua karakana yake, wateja walikuwa wakichungulia ndani na kuuliza bwana yake yuko wapi. Siku hizi hawaulizi. Wanamwita Mama Friji, na friji ya nyumbani humpatia shilingi elfu moja, siku ikiwa njema elfu mbili.

Mashine za soda zilimjia kwa bahati tu, miaka saba iliyopita. Alikuwa ameitwa Kerugoya kutengeneza friji ya bucha, na alipozunguka nyuma kutafuta maji akakuta kuku watatu wanaatamia ndani ya sanduku la chuma lililoliwa na kutu. Akaona mahali pa kutilia sarafu. Alilinunua sanduku siku hiyo hiyo, akawaomba kuku radhi, wakahamishwa.

Vijana wengi hawajaziona. Zilikuwa zikisimama vilabuni, madukani na kwenye vituo vya petroli. Unatia shilingi, unafungua kimlango chembamba, unaikamata chupa shingoni na kuvuta. Kisha sarafu zikabadilishwa, chupa nazo zikabadilika, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Moja aliikuta Doldol imejaa dawa za mifugo.

Vipuri vyake havipo popote. Springi anazikunja mwenyewe, raba za milango anazikata kutoka kwa friji zilizokufa. Mashine moja humla miezi mitatu. Hutoza shilingi elfu tisini, na nusu yake hurudi kwenye vyuma na gesi. Tatu zimeshafufuka mikononi mwake. Hii ya Rasila ni ya nne, na ndiyo aliyoitamani tangu mwanzo.

Sababu ni kwamba anaijua. Wakiuru amezaliwa Gakindu, mamake akichuma kahawa, na kila mwaka malipo ya kahawa yakitoka walikuja Nyeri kununua sare ya shule. Sare ikishapatikana, walimalizia dukani kwa Tulsidas, kila mmoja na chupa yake. Ndiyo maana mashine ilipofika Ruring'u aliishughulikia kwa moyo wote. Aliikwangua rangi hadi kwenye chuma, akaipaka upya, akaiamsha mota iliyolala miaka ishirini.

Ndani, upande wa kulia, alikuta ubao mzee uliovishwa gunia, na chini yake matundu mawili yaliyotobolewa sakafuni kuelekea kwenye mota. Fundi yeyote wa friji akiona tundu huona ugonjwa, maana baridi inatoroka.

"Nikasema, ala, nani huyu alitoboa mashine nzuri hivi? Nikachomelea yote mbili. Hata nikajisifu. Ile ubao nikatia kwa jiko."

Ijumaa iliyopita mashine ikarudi dukani. Neel, mjukuu wa Rasila anayeendesha duka, akachomeka waya, taa zikawaka, wateja wakapiga makofi. Saa mbili baadaye Rasila, mwenye miaka themanini na minne, akatoka nyuma ya kaunta na shilingi ya zamani, akaitia, akavuta chupa ya upande wa kulia. Akaishika kwa muda. Kisha akaiweka kwenye kaunta bila kuifungua.

"Fundi, kazi mzuri sana," alisema. "Lakini hii si mashine yetu."

Wakiuru alidhani ni rangi. Ikabidi Rasila amweleze. Julai moja ya baridi kali, mumewe aliwaona wamama waliotoka mashambani wakizificha soda chini ya shuka, wakingoja zipoe ubaridi ndipo wanywe. Wengine walikuwa na kifua, wengine meno. Tulsidas akatengeneza ubao wa kuzuia baridi upande wa kulia, akatoboa sakafu ili joto la mota lipande pale. Kushoto ikawa baridi, kulia moto. Lile swali ambalo kila mwenye duka Nyeri huuliza hadi leo, baridi ama moto, mashine yake ililijibu yenyewe.

"Baridi, kila mtu nauza," Rasila alimwambia. "Yeye alitaka hata wale wamama wakunywe."

Wakiuru aliketi juu ya gunia la sukari.

"Mama yangu alikuwa anavuta upande wa kulia, kila mwaka," anasema sasa, msasa umetulia mkononi. "Mimi nilikuwa nakimbilia baridi. Sikuwahi shika chupa yake hata siku moja."

Aliomba wiki moja. Neel alikubali shingo upande, kwa sababu lori la hoteli lilikuwa limeshapangwa. Wakiuru akairudisha mashine Ruring'u, akayatoboa upya matundu aliyoyaziba kwa ustadi wake wote, na anakiri kwamba hakuna kazi iliyowahi kumuuma hivyo. Sasa ubao umekubali. Anafunga mlango, anangoja saa mbili, anatoa chupa ya kulia na kuiegemeza shavuni.

Ijumaa saa tano lori la hoteli limeegeshwa nje ya duka, dereva anasoma gazeti. Rasila anatia shilingi yake. Anavuta upande wa kulia, anaishika chupa kwa mikono miwili, anaifungua, anakunywa polepole hadi nusu.

"Neel," anasema, "piga simu hoteli."

Lori linaondoka tupu. Neel, ambaye wiki nzima alikuwa na uso wa kununa, anacheka na kumwambia fundi atafute nyingine kama hii, kona ya pili iko wazi. Wakiuru anayo moja akilini, ile ya Doldol, mwenyewe akikubali kuhamisha dawa zake.

Lakini kwanza kuna Jumamosi. Kesho anakwenda Gakindu kumchukua mamake, Wamucii, mwenye miaka themanini na saba, amlete mjini. Hatamweleza lolote njiani. Rasila amempa shilingi mbili za zamani, moja ya mama, na moja yake.

"Na mimi nitavuta ya kulia," anasema.