Rangi Nyeupe Niliyoifuta

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asije akamsingizia tonton. Tonton, mdogo wake maman, alikuwa dereva wa kamio ya mizigo iliyoshuka Uvira na kuvuka hadi Bujumbura kila wiki mbili. Siku moja alirudi na habari kwamba huko kuna duka la vitabu linalouza rangi za akriliki, tyubu moja moja.

"Andika zile unataka," akaniambia. "Tyubu tano, penso mbili za kupakia. Tano, umesikia? Usiniletee liste ya ndoa."

Nilikuwa nakaribia kumaliza masomo ya lise, sekondari yetu ya wasichana. Mwalimu wetu wa michoro, mama mmoja wa Ulaya, alikuwa ameondoka Bukavu mkataba wake ulipoisha. Kabla ya kuondoka alitufungulia tyubu moja ya akriliki, kila msichana akachovya kidole, basi. Mimi nilipagawa. Rangi inayotaka maji tu, haitaki petroli kama ile ya waandika vibao wa mtaa wa Kadutu, na inakauka ukiwa bado unaitazama! Aliniachia pia karatasi ya vifaa vya mtu anayeanza. Mstari wa kwanza, uliopigiwa mistari miwili chini yake, ulisema: nyeupe, tyubu kubwa.

Aliyenitia haraka alikuwa koko. Ndivyo tulivyomwita bibi mzaa maman. Alikuwa amehamia kwetu kutoka Walungu, macho yake yakifunikwa na ukungu kidogo kidogo. Daktari alisema upasuaji wake unafanyika Kinshasa, na koko akaikataa ndege kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani. Mwaka uleule ng'ombe wake wa pekee alikuwa amekufa. Alimlilia kuliko alivyowahi kuyalilia macho. Jioni moja akanishika mkono.

"Mutoto, unichoree ngombe yangu. Nataka nimuone tena mara moja, mbele macho ifunge."

Basi ile liste ikawa vita. Nyumba nzima iligeuka wachoraji. Papa, karani wa ofisi, aliyevaa suti yake ya abakosti hata siku ya kupumzika, alisema bila nyeusi hakuna kazi inayosomeka. Maman alitaka kijani. "Ngombe atakula nini? Hewa?"

Nikaandika nyekundu, njano, kahawia, na nyeusi ya papa. Ikabaki nafasi moja: nyeupe au kijani. Ng'ombe wa koko alikuwa mwekundu wa udongo, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nikafikiri kwa ujanja wa mwanafunzi. Shuleni, tulipochora kwa rangi za maji, nyeupe ilikuwa ni karatasi yenyewe. Unaiacha tu bila kuipaka. Kwa nini tonton anunue kitu ambacho karatasi inanipa bure? Nikafuta nyeupe, nikaandika kijani. Wallahi nilijiona nina akili kuliko yule mwalimu.

Tonton alileta vyote sawasawa: tyubu tano, penso moja nene ya manyoya magumu na moja nyembamba. Sahani ya bati ikawa ya kuchanganyia, kopo la maziwa ya unga likawa la maji. Karatasi ndiyo ilinisaliti. Kila nilipoipaka ilijikunja. Papa, ingawa alidai hapendi mambo haya ya kuchora, akaniletea kipande cha tripleksi, ubao mwembamba, kutoka kwa seremala, kimelainishwa vizuri, rangi yake kama chai ya maziwa. Nilirukaruka kwa furaha. Sikuwaza kabisa kwamba juu ya ubao ule hapakuwa na nyeupe ya kuachwa.

Nilichora siku tatu. Kila rangi niliyoiweka juu ya nyingine ilizidi kuwa nzito, na hakuna iliyokubali kurudi kwenye mwanga. Hata majani ya maman yalikuwa giza. Nikampelekea koko dirishani. Aligeuza kichwa upande, maana jicho la kushoto lilikuwa bado linaona kidogo kwa pembeni.

"Iko wapi?"

"Hii hapa, koko."

"Naona mbao tu."

Hakusema kwa ubaya, lakini nilitamani ardhi ipasuke. Nilikwenda nikasaga chaki ya shule, nikaichanganya na njano, nikapata rangi ya bugali iliyolala. Nikamwangukia tonton: safari hii tyubu moja tu, kubwa, nyeupe. Akacheka, akaondoka.

Kamio ikavunjika njiani, Sange. Dereva mwenzake alileta habari kwamba tonton anasubiri kipuri, wiki moja, labda mbili. Zikawa sita. Kila asubuhi koko aliuliza kama mwanawe amefika, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri tyubu kuliko nilivyomsubiri yeye. Mwanzoni koko alinitambua mlangoni kwa gauni langu. Baadaye kwa sauti. Kisha nikamwona akikitafuta kikombe kwa vidole, na kikombe kiko mbele yake.

Tonton alifika Jumamosi moja, watu wakitoka salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, naye mwili mzima vumbi.

"Nyeupe iko?" nikamuuliza.

"Na mimi niko, aksanti," akajibu.

Nilipaka ubao wote nyeupe, mara mbili, nikaanza upya. Loo! Wekundu uliwaka. Mgongo ukapata jua, doa likakaa kwenye paji. Sijawahi tena kufanya kitu kizuri kama kile, na nimechora miaka mingi. Nikangoja mpaka saa nne asubuhi, jua la ziwani linapoingia dirishani, nikamweka koko kwenye kiti chake na ubao mbele yake. Maman alisimama nyuma yetu.

Koko aligeuza kichwa upande, kisha upande mwingine.

"Eeh. Ngombe yangu," akasema. "Na ndama yake, vile alikuwa analala karibu. Aksanti, mutoto yangu. Umemukumbuka na ndama."

Hapakuwa na ndama. Maman akafungua mdomo, nikamtikisia kichwa.

"Ndiyo, koko. Na ndama."

Maman alimshika mkono akampeleka mezani, akampa uji. Mimi nilibaki na ubao, machozi yananitoka, penso mkononi. Ndama huyo sikuwahi kumwona. Maman aliporudi nikamuuliza kwa sauti ya chini alikuwa wa rangi gani.

"Mweupe," akanong'ona. "Mweupe wote."

Nikaikamua tyubu mpaka mwisho. Koko alipomaliza uji wake, ndama alikuwa amelala pale karibu na mama yake, ameshakauka.