Pacha Mmoja Njombe, Mwingine Makambako

Harufu ya mafuta ya kukaangia ndiyo iliyonipokea Makambako, nilipoteremka na mama kutoka kwenye lori la viazi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Baada ya foleni ndefu za sukari tulizozizoea, maduka yalikuwa yamejaa sukari, soda na mafuta ya kopo. Nilikuwa na miaka tisa, na tulikuwa tumekuja kumwona Skola, pacha wangu, ambaye nilifanana naye hata baba alituchanganya. Miezi minane kabla ya hapo, shangazi yetu mwenye mgahawa, ambaye hakujaliwa mtoto, alimwomba akakae naye. Mimi nilibaki Njombe, nikipanda kilima kwenda shule na kushuka bondeni kuchota maji katika ukungu, nikila ugali, maharage na mboga za majani.

Skola alitoka mgahawani akiwa na sambusa mkononi. Nilishtuka. Mashavu yalikuwa yamejaa, gauni linambana. "Mwanangu amenawiri!" mama alisema kwa furaha. Nikaitazama miguu yangu myembamba, nikaona wivu hadi machozi yakanitoka. "Shangazi, na mimi nibaki," nikaomba. Skola akanivuta nyuma ya jiko. "Baki wewe," akaninong'oneza. "Mimi nimekumbuka nyumbani." Jioni akamwambia mama mwenyewe, bila woga, kwamba anataka kurudi nyumbani. Shangazi alilia kidogo, kisha akamfungia nguo zake. Tulirudi Njombe sote kwa lori, mimi na Skola tukiwa tumekaa juu ya magunia matupu, tumejifunika blanketi moja, na kwa kuwa pacha wangu alikuwa kando yangu, sikuutamani tena mji.

Ukubwani Skola alirudi Makambako kwa hiari yake, akaolewa, akafungua duka la vitenge, akawa mtu wa kushinda kwenye kiti. Mwaka jana alikutwa na kisukari na presha. Mimi nilipopimwa, sikuwa navyo. Skola akiwa kando yangu, nilimuuliza daktari inawezekanaje, ilhali tulitoka kwenye yai moja.

"Vinasaba vyenu ni vilevile," akasema, "lakini juu yake hubandikwa alama ndogo za kikemikali zinazoitwa methili. Zinaweza kunyamazisha baadhi ya vinasaba hivyo. Chakula, mazoezi, moshi wa sigara, hata msongo wa mawazo, huchangia kuzibadilisha miaka inavyopita."

"Kwa hiyo ni sambusa za shangazi?" Skola akauliza.

Daktari akacheka. "Hakuna anayeweza kusema hivyo, mama. Yapo mengi. Ila alama nyingine hubadilika mtu akibadili maisha. Dawa usiache."

Hajaacha. Amepunguza sukari na mafuta, na kila Jumamosi huja kwangu Njombe. Enzi zile tuliusifu unene kama baraka. Siku hizi tunashangilia presha ikishuka, nayo imeanza kushuka. Jumapili iliyopita tulikwenda misa kwa miguu. Kwenye mwinuko wa kanisani Skola alikuwa mbele, kitenge amekikaza kiunoni, na mimi ndiye niliyeomba tupumzike.