Kiapo cha Mama Paschal

Mwandiko ulikuwa wangu. Nianzie hapo, maana nikianza na watu wa kampuni nitaonekana sina kosa.

Koleta hakujua kuandika. Mimi niliishia darasa la saba, na pale Chome darasa la saba la wakati wetu lilitosha kuandikia nusu ya kijiji barua. Kwa hiyo kila kifurushi cha tangawizi alichokifunga, mimi ndiye niliyekibandika karatasi: "Mtumaji: Mama Paschal, Chome, Same." Sikuandika Koleta kwa sababu hakuna aliyemwita Koleta. Paschal alikuwa kifungua mimba wake. Surua ilimchukua akiwa na miaka minne. Wakaja watoto wengine wawili, lakini jina likabaki lile lile. Kwetu mtoto akifa, mama hanyang'anywi jina.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imekolea. Sukari tuliyoipangia foleni miaka ile sasa imejaa madukani, ila hela ya kuinunulia ndiyo iliyoadimika. Hospitali nayo ikaanza kulipisha. Clemence, mume wa Koleta, alirudi kutoka mashamba ya mkonge na kifua kinachokoroma, na ili atibiwe wakaliweka rehani shamba lao lililo chini ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Aliyelichukua ni Eliufoo mwenye duka. Koleta avune tangawizi iliyomo, kisha elfu sitini irudi kabla ya mvua za vuli. Isiporudi, Eliufoo analima yeye miaka mitatu. Mashamba yao mengine yalikuwa miteremko isiyo na zamu ya maji. Tangawizi haioti huko, na Koleta bila tangawizi hana kitu cha kuuza.

Hakulia. Alianika, akatwanga. Kule Tanga kulikuwa na Sharifa, mwenye mgahawa wa chai, aliyeionja tangawizi hiyo kwa mgeni akaandika barua kutaka zaidi. Akawaambia wenzake, tukawa tunaandikiwa na watu tusiowajua sura: "Tuletee ile ya Mama Paschal." Mizigo ilibebwa na kampuni moja pale Same iliyojiita Tegemeo. Wanaupeleka mzigo Tanga, mnunuzi anawalipa wao, nao wanakutunzia fedha ofisini mpaka ushuke kuzichukua. Mara nne Koleta alilipwa bila maneno, kwa sababu dirishani alikaa Veneranda, mwenyeji wa kwetu, anayemjua toka utotoni.

Mara ya tano ulikuwa mzigo mkubwa, walioagiza ni sita. Fedha yake ingelikomboa shamba na chenji ikabaki. Tulishuka Same kwa lori la soko, mwezi wa tisa, jua la tambarare likituchoma visogo. Veneranda hayupo, kahamishwa. Badala yake amekaa Athumani, mtu mzima mwenye shati lililonyooshwa vizuri kuliko maneno yake.

"Mama Paschal ni nani?"

"Mimi," Koleta akasema, akampa kadi yake ya chama.

"Hii inasema Koleta Clemence."

"Ndiyo mimi."

"Mama, mimi nina fedha za Mama Paschal. Za Koleta sina hata senti."

Nikaingilia. "Kaka, umewahi kuona wapi mtu akabatizwa Mama?"

"Na wewe dada ni nani?"

"Mama Anaeli."

Akacheka. "Mmekuja wawili, na jina hamna hata moja." Kisha akaeleza. Mizigo midogo walikuwa wakiiachia tu. Huu ni mkubwa, na bosi wao, Bwana Melkizedeki, ameagiza fedha izuiwe mpaka ihakikiwe. "Lete cheti cha kuzaliwa cha Paschal. Au Paschal mwenyewe aje athibitishe kwamba wewe ni mama yake."

"Paschal hawezi kuja," Koleta akasema.

"Anasoma mbali?"

"Mbali."

Akachukua kadi yake, tukatoka.

Tulirudi baada ya wiki tatu, maana lori lilivunjika ekseli na padre alikuwa safarini. Tulikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji na nakala ya kitabu cha ubatizo, yenye jina la mtoto na la mama. Safari hii Melkizedeki alitoka mwenyewe. Alizisoma akiwa amesimama.

"Kanisa si serikali, na mwenyekiti si hakimu. Nendeni mahakamani akaape."

"Mbona siku ya kupokea mzigo hamkuuliza jina?" nikamwambia.

"Kupokea mzigo hakuna hatari, mama. Hatari iko kwenye kutoa fedha."

"Hatari kwa nani?"

Akatazama saa yake. "Fedha zenu ziko salama," akasema, akarudi ndani.

Mahakamani tulipangiwa siku, ikaahirishwa, tukapangiwa nyingine. Karani akamwuliza Koleta marehemu alifariki tarehe ngapi.

"Ilikuwa Jumanne."

"Jumanne si tarehe, mama."

"Waliokuwa na tarehe ni nyinyi. Mimi nilikuwa na mtoto."

Karani akaweka tarehe ya kukisia. Koleta akaapa kwamba Koleta Clemence ndiye aitwaye Mama Paschal, na kwamba huyo Paschal amekufa. Akatia dole gumba. Miaka kumi na tisa nilikuwa sijamsikia akilitamka hilo la pili, na ilibidi alitamke ili alipwe tangawizi yake.

Tegemeo walilipa. Walikata elfu tisa, gharama ya kutunza fedha wiki nane. Waliizuia wenyewe, wakatudai ulinzi.

Tulipanda mlima mvua ya vuli ikiwa na siku ya nne. Eliufoo tulimkuta shambani na vibarua, mbegu zake zimeshafukiwa matuta yote. Koleta akamnyooshea fedha. Hakuipokea.

"Shemeji, ahadi ilikuwa kabla ya mvua."

"Ilizuiwa Same. Unajua."

"Najua. Lakini mbegu nimeshanunua, nizifukue nizipeleke wapi? Tuonane mwaka wa tatu."

Fedha ile iliishia kwenye dawa za Clemence. Mwaka uliofuata Koleta alinunua tangawizi kwa Eliufoo, tangawizi iliyong'olewa shambani kwake mwenyewe, akaitwanga. Mimi nikaandika kwa uangalifu kama kadi isemavyo: "Mtumaji: Koleta Clemence."

Wiki ya tatu mzigo ulirudi, pamoja na barua ya Sharifa. Nikamsomea. "Nimeletewa tangawizi ya mtu anaitwa Koleta, mimi na wenzangu tumeikataa. Hatumjui, na siku hizi matapeli ni wengi. Je, Mama Paschal bado yuko hai?"

Koleta alikuwa amekikalia kile kifurushi.

"Mwandikie yuko hai," akasema. "Halafu muulize kama na yeye anataka kiapo."